Mtikisiko Utakwenda Wapi

Mshale ulisimama kwenye sifuri, na Fundi Kobelo hakuupenda.

Tangu asubuhi alikuwa ameifunga krenki mpya kwenye mashine ya kusawazishia. Krenki ni ule mhimili uliopindapinda tumboni mwa injini, unaogeuza kupanda na kushuka kwa pistoni kuwa mzunguko. Upande mmoja ukizidi mwingine hata kwa uzito wa punje ya mchele, basi kwenye mwendo wa mashindano punje hiyo hugonga kama nyundo. Ndiyo maana fundi hufunga vizito bandia mahali pa pistoni, huizungusha krenki, husoma mshale, kisha hutoboa chuma hapa au huongeza pale. Kobelo alikuwa ameuona mshale ukiikaribia sifuri mara nyingi. Ukiikalia kabisa, hakuwahi kuuona.

Akazima mashine. Akachukua bonge la udongo wa mfinyanzi, kiasi cha jicho la mbuzi, akalibandika ubavuni mwa krenki na kuwasha tena. Sasa mashine ilipaswa kulalamika. Krenki ikachukua mwendo, ikatoa mlio mmoja mwembamba, na mshale ukatulia palepale.

"Unaona, mtani?" Sauti ya Mihayo ilitoka mlangoni. "Hata ukiibandika sufuria ya ugali haitajali. Ninyi Waluguru mmezoea kupanda milima, mnadhani duniani hakuna tambarare."

"Na ninyi Wanyamwezi mmezoea kubeba mizigo ya watu," alisema Kobelo bila kugeuka. "Leo umeniletea mzigo wa nani?"

Mihayo akacheka sana. Alikuwa wakala wa kampuni ya Usawa Hai, mtu mzima mwenye shati lililopigwa pasi hadi likakaza, bega lake limeegemea fremu ya mlango kama kawaida yake. Kando yake nje alisimama Skola, mtoto wa dada yake Kobelo na dereva wa gari la mashindano la gereji hiyo. Wote wawili walikuwa nje kwa sababu hiyo ndiyo sheria ya gereji: mashine ikizunguka, watu watoke, abaki fundi peke yake nyuma ya bamba la chuma. Zamani kizito kimoja kilichomoka na kutoboa paa. Tundu lilikuwapo bado, na Kobelo hakutaka kuliziba, ili kila anayeingia aliulize.

"Mjomba, si umeona?" Skola aliita. "Sifuri. Irudishe kwenye gari. Mbio ni Jumamosi."

"Juzi ilikuwa kwenye gari."

"Na niliendesha vizuri kuliko nilivyowahi kuendesha maishani. Mbona ukaitoa?"

Kobelo alizima mashine. Alikuwa anaiangalia krenki ikipunguza mwendo, bonge la udongo likipita na kupita. Kampuni ilisema chuma kile ni kitupu ndani, kimejazwa chembe ndogo zinazohama zenyewe kwenda upande uliopungua. Hilo aliweza kulikubali. Lakini chembe, hata ziwe na akili namna gani, zilihitaji kuambiwa upande upi umepungua, na kuambiwa mara mia kwa kila pigo la moyo. Mtu au kitu kilikuwa kinaziambia.

"Nataka kujua nani anazungumza na hizi chembe," alisema.

"Siri ya kampuni, mtani," alisema Mihayo. "Ila wakaguzi wameipasua, wameimulika, wameipiga muhuri. Hamna kifaa ndani. Ningekudanganya mimi?"

"Ungenidanganya."

"Ningekudanganya, kweli!" Akacheka tena, kisha akamgeukia Skola. "Dada, usiende mbali na injini yako. Kaa uisikie. Dereva na injini wazoeane."

Maneno hayo alikuwa ameyasema kila siku aliyofika pale. Kobelo aliyasikia safari hii kama mtu anayesikia beringi iliyoanza kufa.

*

Siku iliyofuata magari ya mashindano yalipelekwa uwanja wa ukaguzi, nje kidogo ya mji wa Morogoro; la Skola, likiwa bado halina krenki, lingekaguliwa mwishoni, na Kobelo alikwenda peke yake kutazama. Barabarani magari ya watu yalipita kimya kimya kwa umeme. Uwanjani peke yake ndiko kulikosikika ngurumo, na hewa ilinuka spiriti ya mkonge iliyochomwa na injini hizo, tamu kama togwa iliyochacha. Msimu ujao injini za moto zingepigwa marufuku hata mashindanoni. Jina la ambaye angeshinda Jumamosi ndilo lingekuwa la mwisho kuchongwa kwenye Kombe la Mkonge, na chini yake chuma kingebaki kitupu. Skola alikuwa ameshika nafasi ya pili misimu mitatu mfululizo. Mbele yake kila mara alikuwa Gwakisa wa Tukuyu, na injini ya Gwakisa ilikuwa na krenki ya Usawa Hai tangu chembe zilipoanza kuuzwa.

Kobelo alikwenda kumsalimia. Walifahamiana tangu Gwakisa alipokuwa kijana wa kurukaruka juu ya boneti kila anaposhinda.

Gwakisa alikuwa ndani ya gari, mkanda umefungwa, injini inanguruma. Mkewe alikuwa amesimama dirishani akimlisha ndizi kipande kwa kipande.

"Habari za siku nyingi, bingwa. Toka basi tusalimiane kiume."

"Shikamoo, Fundi. Nisamehe, nimechoka."

"Marahaba. Kuchoka kwa kukaa?"

Gwakisa alitabasamu bila kugeuza shingo. Kobelo alitupa macho chini ya usukani. Viatu vilikuwa vya msimu uliopita, ngozi imekunjamana juu, lakini soli zake zilikuwa safi kama za dukani.

Mkaguzi akafika na taa yake, kijana mwenye haraka. "Zima injini, nisome muhuri."

"Si unaweza kuusoma hivihivi?" aliuliza mkewe.

"Mama, sheria ni sheria. Zima."

Yule mama aliangusha ndizi. Aliingiza mikono yote miwili dirishani, akamshika mumewe mashavuni, akamkaza kichwa kwenye kiti. Ndipo Gwakisa akazima. Injini ilipokufa macho yake yalianza kutembea, kushoto, kulia, kushoto, na mwili wake wote ukalalia mkanda.

"Juu ni wapi?" alinong'ona.

"Huku, baba Neema. Huku kwenye mkono wangu."

"Juu ni wapi?"

"Huku. Ngoja kidogo. Anamaliza."

Mkaguzi alisoma muhuri, akaandika, akaondoka bila kuinua macho. Injini ikawaka. Gwakisa akanyooka na kuomba maji. Mkewe alimtazama Kobelo kwa macho makavu.

"Malaria," alisema.

"Pole," alisema Kobelo. "Ilimwanza lini?"

Mama yule akaokota ndizi yake, akaipangusa, akaendelea kumlisha mumewe.

Kobelo alirudi kwenye gari lake polepole. Njiani alikirudia kifungu cha sheria za mbio, alichokuwa akikijua kwa moyo kama wengine wanavyojua sala. *Ndani ya gari la mashindano hakitakuwamo kifaa chochote cha kuhisi mtikisiko isipokuwa dereva.* Sheria hiyo ilitungwa ili kulinda heshima ya madereva. Sasa aliiona kama mlango ambao mtu ameuchunguza vizuri, akakuta ufunguo umeachwa juu.

*

Fundi akitafuta ubovu asiouona, huondoa kitu kimoja kimoja hadi tabia ya mashine ibadilike. Kobelo alikuwa ameondoa gurudumu zito la nyuma ya krenki, ameondoa vizito bandia, ameondoa hata redio ya ukutani na simu yake mfukoni. Mshale haukutoka kwenye sifuri. Kesho yake Mihayo alikuwa amekwenda mjini. Kitu kimoja tu kilikuwa hakijaondolewa.

"Skola, mama, nenda njiapanda kaniletee vitumbua."

"Sasa hivi? Mjomba, wewe na tumbo lako!"

"Sasa hivi. Vya moto."

Alimsikia akienda huku akiimba. Akawasha mashine, akajikinga nyuma ya bamba. Mlio mwembamba ukaja, mshale ukakaa sifuri. Kisha ukatetemeka. Ukapanda kidogo, ukarudi, kama mtu anayeitwa kwa mbali asisikie vizuri. Halafu ukaruka hadi mwisho wa kipimo. Miguu ya mashine ikaanza kurukaruka sakafuni, krenki ikapiga kelele, na Kobelo akakata umeme kwa kiganja kizima.

Katika ukimya uliofuata alisikia wanawake wakipiga yowe barabarani.

Skola alikuwa amelala kifudifudi ukingoni mwa mtaro. Ameshika majani kwa mikono yote miwili, kwa nguvu, kama mtu anayening'inia. Vitumbua vilikuwa mchangani.

"Nimeanguka juu," alisema. "Mjomba, nimeanguka kwenda juu."

Kobelo alipiga magoti. Alimgeuza kichwa taratibu, na chini ya kidole chake hereni ya sikio la kushoto ilikuwa ya moto. Ilikuwa hereni ya dhahabu ya marehemu bibi yake Skola. Ndivyo wote walivyodhani. Kobelo aliivua. Kadiri ilivyopoa kiganjani mwake, ndivyo macho ya Skola yalivyotulia.

Sasa akaiona siku ya kumaliza tanga la bibi. Mihayo, mtani, aliingia na vituko vyake kama watani wanavyopaswa kuingia, akaketi juu ya kiti cha marehemu, akadai urithi. Mbele ya watu wote akamvua Skola hereni sikioni, akatoroka nayo. Nani angekasirika? Mtani akichukua kitu haibi; unacheka, unakikomboa. Kesho yake Kobelo mwenyewe alimpelekea jogoo, hereni ikarudi, na ukoo mzima ukacheka tena. Baada ya wiki tatu krenki ikaletwa.

Walipokuwa wameketi gerejini, Skola na kikombe cha chai mkononi, Kobelo alimweleza alivyokuwa akifikiri. Ndani ya sikio, nyuma ya ngoma, mna vijifereji vyenye maji, na maji hayo ndiyo yanayomwambia mtu juu ni wapi. Hakuna kifaa alichowahi kukiona chenye wepesi huo. Hereni iliyasoma, ikaziambia chembe. Na mtikisiko ambao chembe zilishindwa kuubeba, hereni ikaurudisha sikioni.

"Mtikisiko hauuawi, Skola. Nimekwambia tangu ukiwa unasomea hapa mezani. Unahamishwa tu. Wameuhamishia kwako."

Alitegemea hasira. Skola alikunywa chai.

"Nilijua kuna kitu," alisema. "Siyo hereni. Lakini nilijua. Siku ile nilipoendesha nilizisikia kokoto kabla tairi halijazikanyaga. Gari lilikuwa mwili wangu. Niliporudi niliegemea ukuta muda mrefu, nikakuficha."

"Ukanificha!"

"Ungeitoa."

"Niliitoa!"

"Si ndiyo hivyo?" Akacheka kidogo, kisha kicheko kikamwishia. "Ni mbio moja tu, Mjomba. Moja. Gwakisa ameendesha misimu mitatu. Mimi naendesha Jumamosi, navua, basi. Jina la mwisho kwenye kombe."

"Gwakisa naye alianza na moja."

"Ni sikio langu."

"Na mimi ni mjomba wako."

Neno hilo lilikuwa zito kwao. Kwa Waluguru mtoto ni wa ukoo wa mama, na mjomba akisema hapana, baba mzazi hutikisa kichwa akanyamaza. Skola alilipokea, akaweka kikombe chini.

"Mihayo hakuniuliza," alisema. "Amenivisha kitu kama mbuzi anavyofungwa kengele. Sawa, ni mwizi. Lakini leo umenituma vitumbua, ukawasha mashine. Ulikuwa unashuku, au hukuwa unashuku?"

Kobelo akatazama tundu la paa.

"Nilikuwa nashuku."

"Basi hata wewe hukuniuliza."

*

Angeweza kulimaliza kimya kimya. Krenki ya zamani, ya chuma kisicho na chembe, ilikuwa chini ya meza imefungwa gunia. Angeisawazisha, aifunge kwenye injini, aache muhuri wa Usawa Hai uning'inie pale unapoonekana, na Skola angejua akiwa tayari amevuka mstari wa kuanzia. Ingekuwa kwa faida yake. Kobelo aliligeuza wazo hilo asubuhi nzima, na kila alipoligeuza alilikuta na sura ya Mihayo.

Skola alipofika alizikuta krenki zote mbili juu ya meza, na hereni katikati.

"Nieleze ya chuma," alisema.

Alimweleza bila kupamba. Njia ya kwanza ni ya nje: kuning'iniza uzito uliopungua kwenye gurudumu la nyuma na puli ya mbele. Ni kazi ya siku moja, lakini kwenye mwendo mkubwa krenki hupinda katikati kama upinde. Njia ya pili ni ya ndani: kutoboa chuma chenyewe na kupachika vipande vizito palepale penye upungufu. Ni ya taratibu, wangeiwahi Jumamosi kwa shida, nayo huvumilia mwendo wowote.

"Ningechagua ya ndani. Hata hiyo haifiki sifuri. Vinavyozunguka tunavipima vyote. Vinavyopanda na kushuka tunapima nusu yake, au zaidi kidogo ya nusu. Hicho kidogo ndicho uamuzi. Kinasema injini itatikisika kwenye mwendo upi. Mahali fulani itatikisika, lazima, na utaisikia mikononi."

"Na nitamshinda Gwakisa?"

"Sijui."

"Sema nitashindwa, basi, kama unataka nichague hii."

"Sijui, Skola. Nikijua nitasema." Akavuta kiti. "Ukichukua ya chembe, nitaifunga mimi kwa mikono yangu, nitaifunga vizuri. Sitakudanganya wala sitaigusa hereni. Ukichukua ya chuma, niambie mtikisiko tuuweke wapi."

Skola aliinua hereni, akaipima kiganjani. Alikuwa ameilaza tayari karibu na sikio lango la uwani lilipogongwa.

Alikuwa Mihayo. Amevaa shati jingine lililokaza, kiwiko juu ya lango.

"Watani! Nasikia jana dada yetu aliteleza. Nimekuja kutoa pole, na kuitazama ile hereni kidogo. Huenda ina kasoro."

"Hii siyo ya bibi," alisema Skola. Alitoka nje hadi uwani, akasimama katikati, mahali palipo wazi, pasipo na gari wala nguzo.

"Eh, kwa mtani hakuna wizi. Ya bibi ninayo hapa." Akaitoa mfukoni mwa shati, ikang'aa kidogo. "Nilikuwa nangoja jogoo wa pili."

"Basi tubadilishane. Yako hii." Skola alinyoosha mkono. "Njoo uichukue."

"Wewe ndiye mdogo, dada. Lete hapa langoni."

"Mtani anaingia popote. Siku ya tanga ulirukaruka hadi kwenye kiti cha bibi. Njoo."

Mihayo alicheka. Kobelo, aliyekuwa amefika mlangoni, alikumbuka kwamba siku ya tanga nyumba ilijaa watu, bega kwa bega, na mtu asingeweza kuanguka hata akitaka. Akakumbuka fremu ya mlango. Akakumbuka kila mahali alipomwona Mihayo akisimama, na kila mahali palikuwa na kitu cha kuegemea.

"Mtani," alisema, "kabla ya kuuza chembe, ulikuwa unafanya kazi gani pale kampuni?"

"Majaribio," alisema Mihayo. "Kila kitu lazima kijaribiwe na mtu."

"Achia lango."

Mihayo aliutazama uwanja uliokuwa kati yake na Skola, mchanga uliofagiliwa asubuhi, bado una mistari ya fagio. Ulikuwa upana wa kulazia magari mawili. Alikuwa anacheka bado, lakini jasho lilikuwa limelowesha ile pasi ya shati, na vidole vyake vilizidi kukaza juu ya chuma.

Skola alimngoja kwa muda mrefu, mkono umenyooshwa. Alipoona haji, alitembea mwenyewe hadi langoni, akaitoa hereni ya bibi katika vidole vya yule mtu, na kumwekea ile nyingine mfukoni taratibu, bila kumsukuma.

"Pole, kaka," alisema.

Alirudi katikati ya uwanja. Alisimama hapo, akafumba macho, akainua mguu mmoja. Aliyumba. Akautua. Akauinua tena, akayumba kidogo zaidi, na uso wake ulipomgeukia mjomba wake ulikuwa na hofu ambayo Kobelo hakuwahi kuiona hata siku gari lake lilipobiringika mashindanoni.

"Mizunguko elfu nne na mia tano kwa dakika, Mjomba," alisema. "Mtikisiko uuweke hapo. Hapo huwa sikai, napita tu."

Kobelo aliichukua krenki ya chuma mezani, akaipachika kwenye mashine. Kisha akasema kwa sauti ile ile ya kila siku kwamba watu watoke, na Skola akatoka, akaenda mbali, huku mkono wake ukiwa umegusa ukuta.